Kurasa Nane

Musyimi hapimi vitabu, hupima wateja:
anakutazama, anataja bei.
Mimi ni hamsini, tangu siku ile
nilipomkuta mwanawe analizwa na hesabu za sehemu
nikachuchumaa naye hadi zikakubali.
Gunia lake la vitabu liko Barabara ya Kirinyaga,
hatua chache kutoka duka la vipuri
ambako naandika risiti za beringi na plagi
mpaka saa kumi na moja. Ndiyo maana
vitabu vyangu vyote vina doa la kidole gumba.

Kile cha upelelezi nilikinunua Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Jaladani bastola, na kiatu kimoja cha mwanamke.
Nilikisoma nikisonga; ugali ukashika chini
mpelelezi akivuta mtoto wa meza
na kukuta funguo mbili za mlango mmoja.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
"Muuaji, mabibi na mabwana, ni"
kisha jalada.
Kurasa nane zilikwisha chanwa,
labda kufungia njugu.

Usiku huo Jericho nzima ililala isipokuwa mimi
na Atsango, akikohoa nyuma ya ukuta.
Kabla ya adhana nilikuwa nimemhukumu daktari wa meno.
Alikuwa mpole kupita kiasi, na riwayani, kama chamani kwetu,
mpole kupita kiasi
ndiye wa kuhesabiwa pesa mara mbili.

Nilimfunga miaka minne, bila rufaa.
Mwaka huu nikakikuta kizima, maktaba ya Kaloleni.
Nikasoma nimesimama.
Mtunza bustani!
Mtu aliyetamka maneno kumi na mawili kitabu kizima,
sita yakiwa "ndiyo, bwana",
"ndiyo, bwana", "ndiyo, bwana".
Baba yangu alifyeka nyasi za watu Muthaiga
miaka ishirini na sita akijibu vivyo hivyo.
Nikakirudisha rafuni kichwa chini.
Mfungwa wangu hatoki.

Riwaya yenyewe ni shauri jingine.
Kuna moja ambamo mama anafia kituo cha treni,
kikapu mkononi,
na mayai hayavunjiki.
Mayai yale. Nililia kwenye ngazi za Posta
hadi askari akaniuliza kama nimeibiwa.
Nikasema ndiyo.

Halafu ikaja tawasifu ya mwandishi huyohuyo,
yenye picha katikati: yeye na kofia,
yeye na mbwa, yeye bila kofia.
Ukurasa wa tisini anasema, kama anayetaja bei ya nyanya,
kwamba mama yake aliishi miaka tisini na minne,
mkali, asiyegusa mayai,
na sura ile aliiandika asubuhi moja
kwa sababu mwenye nyumba alikuwa mlangoni.

Nilitaka kumpelekea ankara.
Nilishazoea kuandika ankara:
machozi, leso, nusu siku ya kazi.

Lakini pembeni mwa ukurasa, kwa penseli,
mtu alikwisha nitangulia:
*Mwongo. Mimi nilimzika wangu na kitabu chako mkobani.*
Mwandiko wa kulala, nukta za i zikiwa viduara.
Stima ilikuwa imepotea; nilisoma kwa tochi ya simu,
nikarudia, nikarudia,
betri ikashuka hadi asilimia nne.

Mwongo, sawa. Lakini sisi wawili tulilia,
na kodi yake ililipwa,
na sijui nani kati yetu amdai nani.

Nikachonga penseli ya dukani, ya kuhesabia beringi,
nikaandika chini yake, herufi ndogo:
*Wangu aliyapenda. Ya kuchemsha, na chumvi nyingi.*

Jumamosi nikampelekea Musyimi.
Akakipekua upesiupesi, akaona penseli,
akasema kimechafuliwa, thelathini.
Sikubishana.
Jumatatu nilipita makusudi.
Hakikuwepo guniani.